Mkono wa Gia Uliokaa Mafubira

Vita viliposogea kutoka kusini, wenye matrekta upande wetu wa Mbale walifanya jambo moja: waling'oa mikono ya gia wakaificha. Askari anayekimbia aliweza kuwasha injini bila ufunguo, lakini hakuweza kuingiza gia kwa kidole. Nami nikang'oa wa trekta la marehemu kaka yangu, lililokaa shambani kwake chini ya mlima Wanale. Tundu lililobaki nikaliziba kwa kipande cha gunia. Mkono wenyewe nikauviringisha ndani ya shuka, nikapanda lori kurudi Mafubira, nje ya Jinja, nilikokuwa nikiishi.

Nilidhani nitakaa wiki chache. Misimu miwili ya mvua ikapita. Nikiikumbuka miezi ile, naona Mto Nile ukienda zake bila kuuliza nani anatawala, na chuma kile kimelala chini ya kitanda changu. Mara nyingi nililima usingizini. Trekta halikuwa na mlio, na udongo uligeuka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Niliporudi, shemeji yangu, mjane wa kaka, alinipokea mlangoni. Alikuwa mtoto wa Kiislamu wa mjini Mbale, na Kiswahili ndicho tulichotaniana nacho tangu aolewe.

"Karibu, mume wangu mdogo. Umeleta sukari?"

"Nimeleta mkono wa trekta."

"Haya, nitaukoroga kwenye chai."

Kisha akaacha kucheka. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema kwamba shamba halitalala msimu wa tatu. Wangekuja Jumamosi kuangalia. Palipolimwa pangebaki pake na wanawe, na palipobaki pori wangempa mwenye nguvu ya kulima. Ng'ombe wa kukokota plau walikuwa wamekwisha kuchukuliwa kijiji kizima.

Siku hiyohiyo, Jumatatu, niliufunga mkono mahali pake. Nikatoa hewa kwenye mipira ya dizeli, na injini ikakohoa ikawaka. Watoto wakashangilia. Nikakanyaga klachi, nikasukuma gia. Ikasaga meno ikagoma.

"Ni klachi," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma sekondari.

Sikubahatisha tu. Trekta likilala muda mrefu, sahani ya klachi hushikwa na kutu ikagandamana. Basi Jumanne nzima nilikaza na kulegeza fimbo ya pedali. Jumatano nikalala chini ya trekta nikigonga na kuvuta. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, nyepesi, na ukungu ulishuka kutoka Wanale ukafunika migomba, hata nikawa nasikia jembe la jirani bila kumwona jirani.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa kitini, injini imezimwa, namsikiliza huyo jirani. Mkono wangu ulichezea gia bila kukusudia. Ikagoma vilevile. Nikajaribu tena, pole pole. Ikagoma. Injini imelala, hakuna kinachozunguka, na bado gia haiingii: basi klachi haina kosa, ubaya uko ndani ya giaboksi. Hilo ndilo jaribio la kwanza nililofundishwa nilipoanza kuendesha trekta, na huchukua muda wa kupiga chafya.

Nilifungua kifuniko. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Nyuzi za gunia lililooza zilikuwa zimejisokota kwenye uma zinazosogeza gia, na maji ya misimu miwili yamezitia kutu.

Shemeji alikuja na mwavuli. "Umenyamaza. Limekufa?"

"Halijafa. Nimelitibu mguu siku mbili, kumbe linaumwa tumbo."

"Na huko tumboni nani alililisha gunia?"

"Mimi."

Hakunitania. Alishika mwavuli juu ya tundu mpaka jioni, mkono huu, kisha ule, nami nikichomoa uzi mmoja mmoja na kusugua chuma kwa mafuta ya taa. Oili mpya haikupatikana mjini. Tuliacha ile ya zamani itulie kwenye debe, maji yakazama chini, tukateka ya juu tukairudisha.

Ijumaa gia ya pili ikakubali. Ile moja tu. Nililima nayo mpaka giza, na Jumamosi tangu alfajiri, nikiona mifereji ikifunguka nyuma yangu ndani ya ukungu, na kwa kitambo kirefu sikujua kama niko macho.

Wazee walifika saa nne. Nusu ya chini ilikuwa nyeusi, imelimwa. Nusu ya juu bado nyasi. Niliwaeleza habari ya gunia na ya siku mbili nilizopoteza kwenye klachi. Walisikiliza kwa heshima, kisha wakachomeka vijiti vya mpaka pale plau lilipoishia.

Nusu ya chini ililisha watoto wale mpaka wakawa watu wazima. Ya juu ina kahawa ya mtu mwingine. Nikipita huko msimu wa maua, harufu yake ni nzuri sana, nami huharakisha mwendo.