Saa Tatu Iko Upande Gani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Gitega, sikuona ndege hata moja. Niliona mbuzi. Shefu, yaani mkuu wa uwanja, mtu mfupi asiyevua kofia ya sufu hata jua likiwaka, alinikabidhi filimbi, bendera nyekundu na redio ya mkono.

"Hapa hatuna tour," aliniambia, yaani ule mnara ambao waongozaji hukaa juu yake na kuwaambia marubani nani aruke na nani angoje. "We hauna amri juu ya rubani. Uko na macho tu. Ukiona kitu, sema. Na ile Kiswahili yako ya Tanzania useme polepole, huku watu watafikiri unahubiri."

Ni kweli, nilikulia Tanzania nikarudi huku nikiwa mtu mzima, na mpaka leo majirani zangu wa mtaa wa Yoba hunitania kwa hilo. Lakini kazi niliijua haraka. Kila asubuhi nilitembea njia ya kurukia mwanzo hadi mwisho nikitafuta mawe na mashimo. Nilihakikisha mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, haujachanika. Kisha nilifungua redio. Kwenye uwanja usio na mnara marubani wote husikiliza masafa mamoja, na kila mmoja hujitangaza: niko hapa, nakuja kutua, nataka kuruka. Akinyamaza mmoja, wenzake ni vipofu. Haraka haraka haina baraka, na kwetu methali hiyo ilikuwa sheria ya kazi.

Baada ya miaka saba nilihamishiwa Muyinga nikawa msimamizi. Msicheke: nilimsimamia mkata nyasi mmoja na nafsi yangu. Hata hivyo nilijivuna sana. Nilikuwa nimeanza kuiga maneno ya marubani, na hapo ndipo nilipokaribia kuua watu zaidi ya watano.

Ilikuwa alasiri ya msimu wa mvua. Kapiteni mmoja wa Bukavu alikuwa na abiria wanne wa kuwahi ndege kubwa Bujumbura. Abiria walichelewa kwa sababu ya tope barabarani, na wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka upande wa Tanzania. Kapiteni alikuwa anawasukuma wapande.

"Kapiteni, kuna mwenzako amejitangaza sasa hivi," nilimwambia. "Anakuja kutua."

"Mi sikumusikia, mzee. Redio yangu ilikuwa haiyawaka. Iko mbali?"

"Hakusema tena."

"Basi mi natoka mbele yake. Hii mvua ikifika, tunalala hapa."

Akafunga mlango, akawasha, akaanza kujongea kwenye ukingo wa njia. Papo hapo nikaiona ile ndege nyingine, chini kabisa juu ya mikaratusi, magurudumu tayari, inakuja, na redioni kimya. Kapiteni akiingia njiani, itamkuta ubavuni.

Ningesema neno moja tu, kushoto. Lakini nilitaka kuonekana mtaalamu. Rubani hujiweka katikati ya saa ya ukutani, pua ya ndege ikitazama kumi na mbili, halafu hutaja namba kuonyesha upande. Nami nikapaza sauti redioni: "Kapiteni, ngoja! Ndege iko saa tatu yako!"

"Saa tatu iko libre, hakuna kitu, mzee. Mi naingia."

Nilimwona kupitia kioo, kichwa amekigeuzia kulia. Sisi tukisema saa tatu kwa Kiswahili, mshale mfupi uko kwenye tisa, upande wa kushoto. Yeye alisomea urubani kwa Kifaransa. Tatu yake ni tatu iliyoandikwa kwenye uso wa saa, upande wa kulia. Nilikuwa nimempa saa ya nyumbani.

"Gauche! Kushoto yako! Simama!" Nikakimbia mbele na bendera juu, nikipiga kelele kama mwendawazimu.

Akasimama, gurudumu la mbele likigusa ukingo wa njia. Ile ndege ikapita mbele yake na kutua, nyasi zote zikalala.

Kapiteni alishuka jasho likimtoka. "We ulisema saa tatu," aliniambia. "Nilisema," nikamjibu. Akanyoosha mkono, tukaitazama saa yake pamoja. Kisha mvua ikaanguka, na hakuna aliyeruka mpaka jioni.

Abiria mmoja, mama aliyekuwa anakwenda harusi ya binti yake Nairobi, alikuwa amekaa upande wa kulia na hakuona chochote. Chini ya bati la kibanda changu alinigeukia akilia. "Wewe mzee na bendera yako! Umenikosesha ndege. Mungu akusamehe." Nikaikunja bendera. Nusu ya kosa ilikuwa yangu, na niliona aibu.

Siku ya pili niliandika yote kwenye ripoti, na neno langu la kijinga ndani yake. Inspekta wa kanda alipokuja, aliisoma ripoti mara mbili.

"Ungeandika rubani alikuwa na haraka, basi. Nani angejua?"

"Mimi, Inspekta."

Nilijua kazi imekwisha. Yeye akanirudishia kalamu. "Basi ongeza dawa yake."

Nikaandika: kwenye uwanja huu hatusemi saa, tunasema kulia, kushoto, mbele, nyuma. Maneno hayo yakaandikwa kwenye kibao, kikatundikwa Muyinga, kisha Gitega, na vijana walionifuata walikikariri kabla ya kushika redio. Ninajivunia kibao hicho kuliko cheti changu cha kustaafu, na cheti nimekiwekea fremu.

Mnaniuliza nimejenga nini kwa miaka yote ile. Sina jengo la kuwaonyesha. Kazi yangu ilikuwa mambo yasitokee, na yasiyotokea hayana shahidi. Ila yule mama bado namfikiria, kwa sababu jibu la kumpa nililipata nikiwa nimeshastaafu, na sijui aliko nimpelekee.

Mama, siku ile ndege zilikuwa mbili. Moja mliikosa, na moja iliwakosa.