Mikono Juu Ufukoni Kabuta

Nimekuwa nikijifunza kung fu, mapigano ya Wachina, kwa kufuata picha za kitabu nilichonunua mjini Elisabethville. Maandishi yake sijui hata herufi moja.

Juzi asubuhi nilisimama ufukoni mwa ziwa hapa Kabuta, nikainua mikono na kuizungusha polepole kama yule mutu wa pichani, nikijiona shujaa. Jirani yangu Mama Chanda, ambaye mume wake alienda kuvua ziwani upande wa Kilwa na hajarudi, aliniona kwa mbali. Akadhani ninapungia mtumbwi unaokuja. Akapiga vigelegele, akaja mbio, majirani nyuma yake.

"Iko wapi?" akauliza, macho ziwani. "Bwana yangu iko wapi?"

Mikono yangu ilikuwa bado juu.

"Mama," nikasema, "nilikuwa najifunza kupigana."