Mume Aliyezikwa Ukurasa wa Kwanza

Mimi nimeandika kitabu kimoja tu maishani mwangu, na watu wa Likoni mpaka leo wanakicheka. Wacheke. Wengi wao hawajaandika hata nusu.

Shule sikwenda. Nilisoma chuoni, Qur'ani mpaka nikahitimu, na hizi herufi za kizungu nikazijua ukubwani, miaka ya themanini, tulipofunguliwa darasa la watu wazima hapa mtaani kwetu Shika Adabu. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa, nami siku ya kwanza nilimwambia anifundishe herufi tu, adabu ninayo. Haukupita mwaka nikawa nasoma pakiti za chumvi, mabango ya barabarani, na barua za jirani yangu, zile alizonipa nimsomee na zile ambazo hakunipa.

Kisha, miaka ya tisini, mjukuu wangu wa kwanza akaposwa. Bwana harusi alitoka Kisauni, nyumba ya mashehe na vitabu, na bibi yake alikuja kwetu na wenziwe kuleta posa. Akala biriani yangu sahani mbili. Akanawa, akajifuta mikono taratibu, akasema mbele ya watu wote, "Nimesikia kwenu mwajua sana kupika. Nalo ni jambo, bibiye."

Kila aliyekuwapo alielewa. Kwao kuna elimu, kwetu kuna sufuria. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma, na moyoni nikasema, huyu mwanamke ataondoka nyumbani kwangu siku moja na kitabu changu mkononi.

Kwetu bibi ndiye anayemuusia mwari. Siku ya hina, alasiri, wanawake wa pande mbili hukusanyika na mmoja huwasomea wote. Utenzi wangu ulikuwa kichwani tayari. Nikanunua daftari, nikalifungua kama nilivyofungua kila kitabu tangu utoto wangu, msahafu na maulidi, yaani kutoka kulia, upande ule wa jalada lenye hesabu za kuzidisha. Kila ukurasa nikaupa jambo lake. Wa kwanza Bismillahi, wa pili nikaha, wa tatu fungate, kisha jiko, mimba, watoto, maradhi ya uzeeni, mume kufa na kukaa eda, na mwisho kabisa salamu na dua. Ndoa nzima kutoka mlangoni mpaka makaburini. Namba za kurasa sikuweka. Nani asiyejua kitabu kinaanzia wapi?

Zamani ungetaka kitabu ungekwenda kwa wenye mitambo mjini, wakakuuliza wewe ni nani. Lakini mwaka ule, karibu na kivuko, palikuwa na chumba kimeandikwa mlangoni kwamba wanachapa kwa kompyuta. Nikaambiwa nivue viatu kabla ya kuingia, vumbi lisiingie kwenye mashine. Hilo lilinipendeza. Nikasema kumbe hawa wana heshima ya msikitini. Kompyuta yenyewe ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama mtungi wa maji ya kunywa. Mwenye kuichapa alikuwa msichana wa bara, mpole, vidole vyepesi. Akaniita shosho. Nikamwambia hapa mimi ni bibi. Akasema sawa, shosho.

Nilimwamuru mambo mawili. Asibadilishe neno langu hata moja, na ukurasa wangu uwe ukurasa wake. Wallahi alinitii.

Niliporudi asubuhi ya siku ya hina, vitabu vilikuwa tayari, vimekunjwa na kubanwa pini katikati. Nikakifungua kimoja kutoka kulia nikakisoma chote nimesimama. Bismillahi iko pale pale, nikaha, fungate, hakuna kilichopungua. Kitu kimoja tu niliona si sawa: jalada lenye jina la utenzi lilikuwa nyuma. Nikamsamehe. Nikajisemea, mashine bado ni mpya, na msichana ni mgeni.

Alasiri wageni wakavuka maji wakaja. Nikagawa vitabu kwa mkono wangu mwenyewe, na yule bibi wa Kisauni nikampa cha kwanza kabisa, kwa mikono miwili, nikainama kidogo. Si sana. Akavaa miwani, akakigeuzageuza, akakifungua.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijalizoea mpaka leo. Tangu utoto wangu kusoma kulikuwa jambo la watu wote pamoja. Mmoja anasoma, thelathini wanasikia, na pa kulia hulia pamoja. Sasa kila mmoja ana chake, pua zimezama kwenye karatasi. Huyu anacheka, yule anaguna, wa tatu kalala, na hawako mahali pamoja. Hata vijukuu wangu wa leo na simu zao, wakisukuma maneno juu kwa kidole gumba kama wanaofuta meza, hawanishangazi. Ugonjwa huo niliuona ukianza kwenye mikeka yangu mwenyewe.

Shoga yake mwari, msichana aliyemaliza sekondari, ndiye niliyempa kazi ya kusoma kwa sauti. Akafungua chake kutoka kushoto, akaanza na salamu na dua. Watu wakaitikia amin. Nikashangaa, lakini nikasema labda anatanguliza baraka. Akageuza ukurasa, akakohoa, akaghani kwa sauti tamu kweli kweli:

Siku atakapozikwa,
na mchanga kufunikwa,
eda yako ikiwekwa,
kaa ndani kwa heshima.

Mwari kakaa na hina mbichi mikononi, bado hajaozwa, na tayari ni mjane.

Shangazi wa bwana harusi akaweka chini kikombe cha kahawa. "Mtoto wetu tumemwacha nyumbani mzima, anakula," akasema. "Nyinyi mmeshamzika?"

Nikamwambia yule msichana asome kuanzia mwanzo na aache mzaha. Akanijibu kwa adabu kwamba mwanzo ndio huo. Nikamwambia huo ni mwisho. Akanionyesha jalada. Nikamwambia jalada limekosewa. Wanawake wa Kisauni wakaanza kutazamana kwa pembe za macho, na mmoja akavuta buibui lake kama anayejiandaa kuondoka. Wakitoka na kisirani hicho, mjukuu wangu angeingia kwenye nyumba ile akiitwa mwenye nuksi, na mimi ningebaki kuwa mpishi mpaka nizikwe.

Ndipo yule bibi wa Kisauni alipoinua uso. Muda wote alikuwa akisoma, midomo ikicheza, hamsikii mtu.

"Mnapigia nini kelele?" akasema. "Mimi nimeshafika kwenye mimba."

Mwanawe, yule shangazi wa kahawa, akamwambia kitabu kimeanza na maziko.

"Maziko yako wapi? Nimesoma Bismillahi, nimesoma nikaha, fungate nimelisoma mara mbili." Akamtazama mwanawe juu ya miwani. "Nyinyi mwakishika kitabu kama gazeti."

Wazee wote wakageuza vitabu vyao wakakuta ni kweli. Vijana wakakataa. Wakagombana nani amekishika kinyume, mpaka mwari akacheka akajipaka hina kwenye pua, na ile alama alikwenda nayo kwa mumewe. Mwisho tuliwashinda kwa umri. Msichana akasoma upya kutoka kulia, na ilipofika zamu ya maziko, mahali pake, watu walilia kama walivyotakiwa.

Siku ya pili nikaenda kumkaripia mchapaji. Akaniambia alianzia pale daftari linapoanzia. Nikamuuliza kama hakuona kwamba utenzi umeanza kwa kuaga. Akasema aliona, lakini akadhani ndivyo watu wa Pwani wanavyoanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na kwa kuandika upya daftari zima. Yeye akabonyezabonyeza, kurasa zikapanda na kushuka kwenye kioo, na kahawa niliyokunywa nyumbani haijatulia tumboni, kitabu kimekaa sawa. Nikakosa cha kugombea. Nikavaa viatu nikaondoka.

Ndoa ikafungwa. Kama mwezi hivi baadaye, bibi wa Kisauni akaja kwangu peke yake, bila kutuma mtu. Akala, akasifu chakula, na safari hii ilikuwa sifa tupu. Kisha akafungua leso akatoa daftari, limechakaa, limejaa mwandiko wa Kiarabu. Tenzi zake. Ameziweka chini ya godoro tangu ujanani, na hata wale mashehe wa nyumbani kwake hawazijui.

"Hizi herufi msichana wako wa kompyuta hazijui," akasema polepole. "Nimeambiwa wewe mwandiko wako unasomeka."

Bibi wa nyumba ya mashehe, anataka mimi nimwandikie kwa herufi za kizungu, naye achapiwe kitabu. Nilitamani kuruka. Nikalipokea daftari, nikaliweka juu ya kabati, nikamwambia akae, nina chungu jikoni, nikitoka tutaona kama nina nafasi.