Karani aliyeandika jina la baba yake

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, umande haujakauka, Imakulata Ntakije anasimama kwenye ngazi ya ofisi ya shamba moja la mkonge wilayani Muheza na kuanza kuita majina.

"Jenifa!"

"Nipo, karani!"

Anaweka tiki na kwenda jina linalofuata, haraka, bila kuinua macho. Nyuma ya ofisi, korona, mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, imeshaanza kunguruma. Ni mpya. Inaendeshwa na watu kumi na wawili. Ya zamani ilihitaji hamsini.

Miongoni mwa watu 38 walioondolewa ni baba yake mzazi. Orodha ya kuwaondoa aliichapa Imakulata kwa mikono yake.

"Jina langu andika, sikuiba cha mtu," anasema binti huyo wa miaka 26. "Jina la shamba ndilo uliache. Bado nakula hapa."

Babu yake aliletwa Tanga kutoka Kasulu enzi za manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkoloni, akafia kambini. Baba yake, Mzee Tadeo, alilisha majani kwenye korona kwa miaka 29. Mwaka 2009 mtambo ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akapona, akarudi palepale. Kwa mshahara ambao haukuwahi kufika shilingi laki mbili kwa mwezi, alimsomesha kitindamimba wake chuoni Tanga mjini hadi stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu.

Kisha ikaja miaka miwili ya kukaa nyumbani. Imakulata alituma barua kumi na saba za kuomba kazi. Haikujibiwa hata moja.

Mwaka jana shamba lilitangaza nafasi ya karani wa utumishi. Waliomba 41, wakaitwa tisa, naye akiwamo. Ulikuwa usaili wake wa kwanza maishani.

Rafiki yake wa chuo, Nasra, alipanda basi kutoka Chumbageni kuja kumnoa. Kwa siku mbili alijifanya meneja, akamkalisha kwenye kigoda na kumtwanga maswali.

"Usiseme 'nafikiri', sema unachokijua," alimkemea. "Na mikono iweke mapajani, shoga. Unachambua mchicha?"

Baba naye alimfundisha kwa namna yake. Kila jioni, akirudi na harufu ya maji ya mkonge nguoni, alimweleza kazi inavyokwenda: jinsi wakataji wanavyofunga mizigo, wapi huibiana, kwa nini hesabu ya shambani na ya korona hazilingani kamwe.

Siku ya usaili walikuwapo wasaili watatu. Meneja aliuliza: mizigo ikipungua kati ya shambani na korona, karani aanzie wapi? Wanane waliotangulia, aliambiwa baadaye, walisema wangeandika ripoti. Imakulata alisema angekwenda kwanza kutazama tela likipakuliwa, kwa sababu mizigo iliyofungwa vibaya hufumuka njiani na majani huokotwa na kuhesabiwa kwa mtu mwingine.

"Wewe umeyajulia wapi haya?" meneja alishangaa.

"Baba yangu yuko korona, mheshimiwa."

Hapo afisa utumishi, Bwana Manase, alivua miwani. "Sasa ukikuta hapa ofisini habari inayomhusu baba yako, utamwambia?"

Imakulata anasema hakusita hata kidogo. "Nilimjibu: siri ya ofisi haitoki ofisini. Meneja akapiga meza, akasema, 'Huyu ndiye.'"

Jioni ile mama yake, Praxeda, alichinja jogoo. Imakulata alisimulia usaili mzima, swali kwa swali. Alipofika kwenye jibu la siri, baba yake alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umejibu kama mtu mzima," alimwambia.

Alianza kazi Februari kwa mshahara wa shilingi 380,000, karibu mara mbili ya wa baba yake. Asubuhi walitoka nyumbani pamoja, wakaagana penye ofisi.

Juni, Bwana Manase aliingia na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Alimtaka aichape, atoe nakala nne, na isionekane na mtu mpaka itakapobandikwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

"Nilikuwa nachapa tu, sina hili wala lile," anasimulia. "Nikafika namba 23. Tadeo Ntakije. Nikaondoa vidole kwenye kibodi. Nikavirudisha."

Siku ya nne tangu aichape orodha ile, mtu alibisha hodi nyumbani kwao. Alikuwa Zubeiri, mfanyabiashara wa machungwa pale Muheza anayefahamiana na Tadeo siku nyingi. Alikuwa akitafuta msimamizi wa ghala, mtu mwaminifu, wa kudumu.

"Nataka jibu keshokutwa, kaka," alisema. "Nikikaa sana nitapata mwingine."

Tadeo alimgeukia binti yake. "Mama, wewe ndiye msomi. Niache korona niende?"

Imakulata anakumbuka alikuwa ameshika sahani ya ugali. Anakumbuka mama yake akimtazama.

"Nikasema, 'Amua mwenyewe, baba.' Maneno matatu. Mpaka leo nayasikia."

Baba aliamua. Miaka 29 haitupwi kama ganda la chungwa, alisema. Akingoja mitatu tu atastaafu kwa heshima. Zubeiri akamchukua mtu mwingine.

Orodha ilibandikwa Ijumaa, saa nne. Tadeo hasomi vizuri, kijana mwenzake wa korona ndiye aliyemsomea. Jioni alinawa, akaketi, akamwita binti yake.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Siku ile ya Zubeiri ulijua?"

"Nilijua."

Mzee akainuka. "Basi kwenye usaili hukuwadanganya," akasema, akachukua kofia na kutoka.

Hakumfokea. Imakulata anasema angepigwa makofi ingekuwa afadhali.

Mwezi wa Agosti alipewa barua ya kuthibitishwa kazini. Ilimsifu kwa "uaminifu na utunzaji wa siri". Aliikunja, akaiingiza kwenye foronya kuukuu, na hajamwonyesha mtu nyumbani.

Bwana Manase hakatai kilichotokea. "Niliumia, nami nina baba," anasema. "Lakini angevujisha, ningemfukuza. Wangekosa kazi wote wawili. Ungeniambia nifanyeje?"

Nyumba ya kambi aliyopewa baba ilirudishwa kwa shamba. Wazazi wamehamia kwenye vyumba viwili alivyopewa Imakulata kama karani, na mkataba wa vyumba hivyo una jina lake. Siku hizi Tadeo huchuma machungwa ya Zubeiri kama kibarua, kwa tenga, pale kazi inapokuwapo. Binti akimpa shikamoo anaitikia marahaba. Mazungumzo huishia hapo.

"Watu wananiambia nina bahati, usaili wa kwanza tu nimepata," anasema Imakulata. "Nawaitikia. Nitawaambia nini?"

Amekodi ekari moja njia ya kwenda Amani, mahali penye mvua na kivuli. Anataka kupanda pilipili manga, shamba liwe la baba yake, asiwe wa kuandikwa wala kufutwa na mtu. Alimweleza mwezi uliopita. Mzee alisikiliza, akasema pilipili huchukua miaka mitatu kuzaa, akaenda kulala.

Lakini Jumapili mbili zilizopita, mwenye ardhi alimpigia simu Imakulata. Mzee mmoja, alisema, alikuja baada ya misa kwa miguu, akauliza mipaka ya ekari ile, akaizunguka yote, akachukua udongo kidogo akaufunga kwenye leso.

"Nyumbani hajasema kitu," anasema Imakulata, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu kidogo. "Nami simwulizi. Nangoja aniambie mwenyewe."