Kanga Niliyoitandikia Boti ya Deo

Siku ile mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, Ziwa Sagara upande wa Usinge, tulikuwepo hawa: Deogratias, mtoto wa marehemu kaka yangu Anselmi, fundi wa kuchomelea pale Gongoni, Tabora mjini tunakoishi, Sesilia mkewe, Mzee Ramadhani Kasuka, mwenyekiti wa mwalo, aliyecheza mpira na marehemu mume wangu, na mimi Yustina, shangazi mtu, ambaye aibu yote ni yangu, sigawani na mtu.

Deo alikuwa amepata kiboti chakavu cha aluminiamu (bati lile la masufuria), akakiziba matundu, akaling'oa pangaboi la nyuma na kufunga pampu ndani, inayonyonya maji chini ya boti na kuyatema nyuma kwa nguvu, ndiyo boti inakwenda. Alisema mapangaboi ya wenzake yanazongwa na magugu, chake kitapita. Siku hiyo Mzee Ramadhani alipanda kukijaribu: akiridhika, kitavusha wajawazito kwenda zahanati. Akikataa, basi, kirudi Gongoni kifugiwe kuku.

Sasa mimi, kuiona boti imepakwa buluu inang'aa kama bi harusi, nikajiambia, shangazi ndiye mwenye kumtandikia bi harusi kanga apite juu yake, leo nisimame tu kama nguzo? Nikaifungua kanga yangu mpya, nikaingia maji ya magoti, nikaitandaza mbele ya boti inayokuja, huku napiga vigelegele (ndani nilikuwa na gauni, msinifikirie vibaya).

"Shangazi, toa hiyo!"

"Kwani una mapanga huko chini? Pita, baba!"

Akapita, angesimamaje tena? Boti ikaivuta kanga yote kama mtu anavyovuta mlenda, ikakohoa mara tatu, kimya, ikaelea ubavu ubavu mpaka kwenye matete, na Mzee Ramadhani humo ndani kashikilia baraghashia yake.

"Yustina!" akaniita kutoka huko. "Boti iliyoshindwa na kanga moja, magugu itayaweza?"

Mwalo mzima ukacheka, na Sesilia (nilimwona). Deo tu ndiye hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kazi yake ya miaka miwili nimeizamisha mimi.

Kumbe alikuwa ameweka kifuniko juu ya pampu. Akakifungua akiwa humo humo botini, bila kushuka majini (na mamba wa pale mnawajua), akaingiza mkono, akawa anaitoa kanga kipande kwa kipande, na kila kipande Mzee Ramadhani anakipokea na kukitandaza mapajani. Akawasha. Ikanguruma, wakapasua magugu hadi ng'ambo na kurudi.

"Nimekubali," Mzee akasema aliposhuka. "Sijaona mtihani mgumu kuliko shangazi yake Deo. Ila siku ya kuvusha mgonjwa, huyu mama abaki Tabora."

Tangu hapo chombo cha Deo nakishangilia nikiwa nchi kavu, kanga nimeikaza kwa mafundo mawili.

Mliokuwepo, kama kuna jina nimelikosea au neno nimelisahau, nisahihisheni. Sesilia anasema vipande vilikuwa saba, mimi nakumbuka vitano. Ila nani alianza kucheka, hapo sihitaji msaada.