Ubao wa Nyuma

Mkono wa yule fundi seremala hauna dawa. Tangu wateja wa Mbamba Bay waanze kudai mchoro kabla ya kuagiza, karakana yake imepoa, naye kila jioni humletea Mwalimu Hedwiga, anayemfundisha kuchora, karatasi iliyojaa masanduku. "Baba, ubao wa nyuma uchore mfupi. Kitu kikiwa mbali huonekana kidogo." "Sawa, mwalimu," huitikia, kisha huchukua rula na kuurefusha mpaka ulingane na wa mbele. Jana, hatimaye, mkono ulitii. Sanduku likasimama kwenye karatasi kama la kushikika. Hedwiga akapiga makofi. Fundi akalitazama, akapitisha kidole chake chenye gundi kwenye kingo zake. "Mfuniko wake hautafunga," alisema kwa sauti ya msibani, akalifuta mpaka karatasi ikatoboka.