Safari ya Buakeo Kwenda Vientiane

Nani alikudanganya kwamba mji mkuu ni wa wenye fedha? Sisi wakulima wa Nong Hai ndio tunaoulisha. Mpunga unaoliwa Vientiane umepandwa na migongo yetu, lakini mkulima akitaka kwenda kuutazama huo mji, anaambiwa kwanza alipe chumba, kisha basi, kisha bakuli la tambi. Nilipomaliza chuo huko nikarudi nyumbani, nilikuta wazee waliozeeka bila kuuona hata mara moja. Nilikuwa nikilihubiri jambo hili kila mahali, hata sokoni.

Buakeo ndiye aliyeninyamazisha. Anauza ndizi za kuchoma mbele ya shule yetu ya msingi, mjane mnene mwenye kicheko kinachotangulia utani wenyewe. Kwa jiko hilo moja amelea watoto watatu, na hadi leo anamtunza mama yake, Bibi Chanpheng. Bibi huyo alikuwa na haja moja tu duniani: kuweka wali kwenye mabakuli ya watawa pale That Luang mjini Vientiane, chini ya mnara wa dhahabu, asubuhi ya mwezi mpevu wa sikukuu. Kila mwaka walipanga, kila mwaka wakashindwa. Sasa macho ya Bibi yalikuwa yakififia. Ilikuwa mwaka huu au basi.

"Nimekutafutia chumba, Mama Mkubwa," nilimwambia, nikimwonyesha simu. "Ila siku za sikukuu wamepandisha bei."

"Kitanda kina nini, kinaimba?" aliuliza, akigeuza ndizi. "Msomi mzima unataka nilipe ili nifumbe macho! Macho yangu nayafumba bure tangu nizaliwe."

"Sasa mtalala wapi?"

"Kwa wenyeji. Tutapeleka joho."

Hapo nikaizima simu. Mvua zinapokwisha na watawa wakitoka kwenye mafungo yao ya miezi mitatu, watu hupeleka majoho mapya mahekaluni, hata ya mbali. Ukifika na joho hupokewi kama mpangaji. Unapigiwa ngoma, unalishwa, unatandikiwa mkeka ukumbini. Buakeo alikuwa na binamu anayeishi jirani na hekalu moja pembeni mwa mji. Alimpigia simu, binamu akasema ukumbi upo, njooni.

Usafiri nao? Khamla, dereva wa kinu cha mpunga, alikuwa anapeleka magunia mjini wiki hiyo hiyo.

"Abiria wangu ni mchele," alisema Khamla. "Haulalamiki."

"Na sisi tumeshiba mchele huo huo," Buakeo akamjibu. "Tuhesabu kama gunia. Mimi nihesabu mawili."

Basi tukapanda juu ya magunia, nusu ya mtaa, na vikapu vya wali wa kunata, pilipili ya kuponda, na chupa ya samaki wa kuchachusha ambayo Khamla aliapa haitaingia mbele alipokaa yeye. Bibi tulimweka katikati, amefungwa kitambaa kichwani, anauliza kila mto tunaouvuka jina lake. Tuliimba hadi sauti zikakauka. Kusafiri ni huku, ndugu zangu, wala sijaona kiti cha basi kinacholingana na gunia lenye majirani.

Tulifika alasiri, na ngoma tulizikuta zinalia kweli, ila hazikuwa zetu. Ua wa hekalu ulijaa wafanyakazi wa kiwanda fulani, wamevaa fulana za rangi moja. Mzee wa kamati, kitambaa cheupe begani, alitusimamisha langoni.

"Poleni, wenzangu. Joho la mwaka huu tumekwisha kulipokea leo asubuhi."

Hekalu hupokea joho hilo mara moja tu kwa mwaka, kutoka kwa kundi moja. Hata mtoto kwetu anajua. Buakeo alikuwa ameuliza habari za ukumbi, za choo, hata za kuni. Habari za joho hakuuliza.

"Mama Mkubwa!" Khamla akaita kutoka kwenye usukani. "Umepanga posa bila kuuliza kama bibi harusi ameolewa!"

Watu walicheka, lakini Buakeo hakucheka, na hilo lilinitisha. Juu ya magunia Bibi aliuliza, "Tumefika?" Bila ukumbi tungeshusha mchele na kurudi na Khamla jioni ile ile, na mwezi mpevu ulikuwa kesho.

Buakeo aliomba panga la jikoni. Akaenda kwenye ua wa miti kando ya barabara, akakata tawi lenye majani, akalitundika joho juu yake, akalisimika mbele ya lango.

"Mzee wangu," alisema, "la msimu mmelipokea, hongereni. Hili ni la porini. Watawa wa zamani waliokota nguo zilizoachwa kwenye matawi. Na tawi halina zamu. Au hekalu hili haliokoti?"

Yule mzee alilitazama tawi, akamtazama Buakeo, akaanza kucheka mpaka kitambaa kikamdondoka.

"Linaokota, dada. Linaokota mwaka mzima. Pigeni ngoma!"

Tuliingia tukicheza, tawi mbele, Bibi amebebwa mgongoni na Khamla. Wale wa kiwandani wakatupisha mikekani na kutujazia supu. Nilikula mpaka nikasahau kuhubiri.

Asubuhi, pale That Luang, watawa walikuwa wameketi safu ndefu, mabakuli mbele yao, na umati ukipita polepole. Bibi Chanpheng alipita ameshikwa mkono na binti yake, akidondosha tonge moja moja, akigusa kwanza ukingo wa kila bakuli kwa vidole. Hajafika hata nusu ya safu, kikapu chake kikawa kitupu. Mwanamke asiyetujua, aliyevaa hariri, akakiona. Alimega wali wake, akaujaza kwenye kikapu cha Bibi, na Bibi akaendelea mbele.